Friji ya gesi kuwaka huku karavani inakokotwa: mnaizima au mnaiacha?

#1 Kokoto_Mpya (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Mimi ni mgeni kwenye mambo ya karavani (nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari), nina miezi miwili tu tangu ninunue hii yangu, tena iliyotumika. Ina friji ya njia tatu: gesi ya mtungi, umeme wa volti 230, na volti 12 kutoka kwenye gari linaloikokota. Nikiwa nimeegesha haina shida hata kidogo, kwenye gesi inagandisha mpaka raha.

Sasa tuna safari ya saa tisa barabarani. Mzee aliyeniuzia alisema yeye miaka yote alikuwa anawasha gesi nyumbani na kuizima akishafika. Jirani yangu aliposikia hivyo alishika kichwa, akaniuliza kama nimechoka kuishi. Hao wawili ndio washauri wangu mpaka sasa, na hawajakubaliana hata jambo moja.

Tutakuwa na mama, naye anatumia insulini, kwa hiyo habari ya "kikiyeyuka kimeyeyuka" haipo. Naomba majibu ya waliofanya, siyo ya waliosikia.

#2 Mzigo_Mwepesi

Naweka kambi hapa. Wataalamu wanakuja.

#3 Nusu_Tenki

Karibu sana mkuu. Mimi nimekokota miaka 11, friji iko kwenye gesi muda wote, mvua, jua, mlima, kona. Moto wenyewe ni mdogo, wa bluu, umejificha ndani ya kijumba cha bati. Nikifika vinywaji ni baridi na nyama imeganda. Jirani yako mwambie apunguze woga. Tukiogopa kila kitu kinachowaka hata gari tusingepanda, maana ndani ya injini kuna moto unalipuka mara maelfu kwa dakika.

#4 FundiBaridi

Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie. Kazi yangu ni kutengeneza hizi friji.

Nusu ya ubishi wa mada hii hutokana na watu kudhani friji ya gesi ni ndugu wa friji ya nyumbani. Haina kompresa, haina mota, hakuna kitu kinachozunguka humo. Ndani ya mabomba ya chuma yaliyo nyuma yake kuna maji, amonia na haidrojeni, vimefungiwa kiwandani kwa kuchomelea. Moto unachemsha maji yenye amonia, amonia inapanda ikiwa mvuke, ikifika juu inapoa na kuwa kimiminika, kisha inaingia kwenye bomba lenye haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Pale inapogeuka mvuke ndipo inaponyonya joto la vyakula vyenu. Baada ya hapo maji yanaimeza amonia, yanateremka nayo hadi kwenye kichemshio, na kazi inaanza upya. Waliobuni mpango huu ni wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Hata Albert Einstein alihangaika na friji zisizo na mota, na mwaka 1930 yeye na Leo Szilard walipewa hataza ya friji yao Marekani. Kwa hiyo mkiona haieleweki mara moja msijilaumu.

Angalieni neno "yanateremka" hapo juu. Hakuna pampu. Kila kinachorudi chini kinarudi kwa uzito wake. Ndiyo maana mnaambiwa mkiegesha muweke pima maji sakafuni. Friji ikisimama imeinama, kimiminika kinatuama kwenye kona ya bomba, kichemshio kinabaki kikavu huku moto unakichoma, na ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaungua na kuziba njia. Ikishaziba hakuna dawa, unabadilisha mtambo mzima wa nyuma. Friji nyingi za zamani zinavumilia kuinama kama nyuzi 3 upande kwa upande na 6 mbele kwa nyuma.

Kwenye mwendo hali ni tofauti. Karavani inayumba kushoto, kulia, inapanda, inashuka, haikai upande mmoja muda wa kutosha kutuamisha kitu. Kwa hiyo kwa afya ya friji yenyewe, kuwaka ukiwa njiani hakuidhuru. Hapo Nusu_Tenki yuko sahihi.

Na kuhusu kumaliza mtungi, msisumbuke. Kichomeo cha friji ya karavani ni cha wati 300 hadi 500 hivi, na kilo moja ya propani, yaani gesi ya mtungi, inabeba karibu kilowati-saa 13 na zaidi. Safari ya saa tisa inakula kama gramu 300. Ingekuwa suala ni gesi tu, uzi huu ungeishia hapa.

Suala ni propani ikitoka mahali ambapo haikutakiwa kutoka. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi ikaenda zake, inashuka na kujilaza chini. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa inaweza kuwaka, na wewe umeibebea moto wake umbali wa mita mbili. Ukiwa umeegesha utasikia harufu. Ukiwa kwenye usukani, madirisha yamefungwa, redio inaimba, pua yako iko mita nane mbele ya tatizo.

#5 Kivumbi_Nyuma

Fundi kasema vizuri, mimi nitasema yaliyonikuta.

Nilikuwa wa kundi la Nusu_Tenki kabisa. Siku moja niko kwenye mwendo wa kawaida, tairi la karavani la kulia likavua utepe wake wa juu. Halikupasuka kwa kishindo, ule mkanda wa mpira wa nje ulibanduka ukawa unazunguka na gurudumu kama mjeledi. Kabla sijasimama pembeni ulikuwa umeshachapa chini ya sakafu mara sijui ngapi. Niliposhuka, madigadi haipo, waya za taa zinaning'inia, na bomba la gesi la shaba limekunjwa kama mrija wa soda uliokanyagwa.

Lilikunjwa, halikukatika. Kati ya hayo mawili kuna kama unene wa kucha. Gesi ilikuwa wazi na friji inawaka, upande uleule wa kulia.

Tangu siku ile nikianza safari koki ya mtungi inafungwa. Sijawahi kuona moto, sijalipuka, sina hadithi ya kutisha zaidi ya hiyo. Ila lile bomba lililokunjwa ninalo mpaka leo, liko kwenye boksi la zana.

#6 Nusu_Tenki

Pole sana kaka, hilo sikubishii. Lakini mitungi ya siku hizi ina kizuizi ndani, gesi ikitoka kwa kasi kubwa inajifunga yenyewe. Bomba lingekatika, mtungi ungekata.

#7 FundiBaridi

Ungekata kama bomba lingekatika lote. Kile kizuizi kinasikia mkondo mkubwa tu. Bomba likipata ufa, au nati ikilegea kwa mtikisiko, gesi inayotoka haifiki kiwango cha kukistua, na kwake inaonekana kama mtu anayepika. Huo uvujaji wa katikati ndio mimi unaoninyima usingizi.

Kuna rigyuleta (kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi mtungini) zenye kihisi cha mgongano ndani. Gari likigonga kitu au likipinduka, kihisi kinakata gesi pale pale mtungini, na zinauzwa na mipira yenye kizuizi chake endapo mpira utachanika. Ulaya, kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 122 inataka kifaa cha kukata gesi kwa hita ya gesi itakayotumika chombo kikiwa kwenye mwendo. Mtu akiniambia lazima aendeshe na gesi, namwambia afunge rigyuleta ya namna hiyo kwanza ndipo tuongee. Nusu_Tenki, yako ni ya aina gani?

#8 Nusu_Tenki

Ni ile iliyokuja na karavani.

#9 Mzigo_Mwepesi

😂😂 Miaka 11.

#10 Waya_Mwekundu

Mbona mnapita mbali na volti 12? Mleta mada kasema friji yake ina njia tatu, na hiyo ya tatu iliwekwa kwa ajili ya barabarani.

Tatizo ni kwamba wengi wameijaribu, wakakuta maziwa yamechacha, wakahitimisha kuwa "volti 12 haipoozi". Inapooza vizuri tu, mradi hizo volti 12 zifike. Fanyeni hesabu na mimi. Hita ya umeme ya friji hizi ni kama wati 150, yaani ampea 12 na nusu, muda wote, bila kupumzika. Kutoka kwenye betri ya gari hadi nyuma ya friji ni kama mita 10, kwenda na kurudi 20. Waya ukiwa wa milimita 1.5 mraba, ambao ndio ninaoukuta kwenye karavani nyingi za zamani, utapoteza zaidi ya volti 2 na nusu njiani. Kisha ongeza soketi yenye kutu, ongeza fyuzi iliyolegea, ongeza waya wa ardhi uliofungwa kwenye rangi badala ya chuma. Mwishoni hita inapata volti 10. Na joto halipungui sawasawa na volti, linapungua kwa mraba wake. Volti 10 kwenye hita ya wati 150 inatoa wati 104 tu. Karibu theluthi ya joto umeikosa.

Badilisha uwe waya wa milimita 6 na upotevu unashuka hadi volti 0.7 hivi. Friji ileile, gari lilelile.

Jambo la pili: magari mapya yana alteneta (jenereta ya gari) zinazojipunguza zenyewe kuokoa mafuta. Betri ikijaa, volti zinashuka hadi 12 na ushee, na friji inabaki na njaa huku injini inanguruma. Hapo waya mnene hautoshi, unahitaji chaja ya kupandisha volti kati ya gari na karavani.

La tatu, hili linawapata hata wazoefu. Ukizima injini, lazima kuwe na relei ya kuikatia friji umeme. Isipokuwepo, ampea 12 na nusu kwa saa nne ni nusu ya betri ya ampea-saa 100. Unaenda kunyoosha miguu, unarudi gari haliwaki.

#11 Kokoto_Mpya (mleta mada)

Waya_Mwekundu nimetoka nje na mita sasa hivi. Injini inawaka, friji iko kwenye volti 12. Kwenye betri ya gari 13.9. Nyuma ya friji 10.6. Nimeduwaa.

#12 Waya_Mwekundu

Ulipima hita ikiwa imewashwa? Maana ukipima ikiwa imezimwa utapata 13.8 na utadhani kila kitu kiko sawa.

#13 Kokoto_Mpya (mleta mada)

Imewashwa.

#14 Waya_Mwekundu

Basi umeshampata mwizi.

#15 Dada_Usukani

Wanaume mmeshikilia waya na mabomba, hakuna aliyeuliza kwa nini friji iwashwe kabisa. Mimi naendesha mwenyewe na watoto wawili, na nikiwa njiani friji yangu imezimwa kila kitu: gesi imefungwa, umeme hakuna.

Siri ni usiku wa kabla. Hizi friji ni nzito kupooza, ukiwasha asubuhi ya safari umechelewa. Naiwasha kwenye umeme wa ukutani saa 24 kabla, na vyakula naviingiza vikiwa tayari vimepoa kwenye friji ya ndani. Ukiweka sufuria la uvuguvugu humo umeipa kazi ya siku nzima. Nafasi zinazobaki wazi nazijaza chupa za maji yaliyogandishwa, kwa sababu hewa haitunzi baridi. Halafu mlango haufunguliwi. Maji ya kunywa na vya kutafuna vya watoto viko kwenye boksi lingine kule mbele, ili hakuna wa kuomba "mama nifungulie friji kidogo tu".

Mwongozo wa usalama wa chakula wa Marekani unasema friji iliyokatikiwa umeme na mlango ukabaki umefungwa hutunza baridi kama saa nne. Kwa chupa zangu za barafu nafika saa sita bila kuvuka nyuzi 5. Saa tisa sijafika, sitakudanganya.

Kuhusu mama na insulini: isimtegemee huyo friji hata mkikubaliana jambo gani hapa. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 hadi 8, na adui mkubwa ni kuganda. Ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena, na kwa macho huwezi kujua. Friji ya gesi ina zile pezi za alumini ukutani kwa ndani, ndipo inapogandisha kuliko popote. Dawa ikigusa pale umeipoteza. Iwekee mfuko wake wa baridi, kipimajoto chake, isigusane na barafu moja kwa moja, na isafiri na ninyi ndani ya gari. Ile anayotumia kwa sasa kwa kawaida inavumilia joto la chumba kwa wiki kadhaa, ila asome karatasi ya dawa yake au aulize mfamasia, maana zinatofautiana.

#16 Kokoto_Mpya (mleta mada)

Dada asante sana. Hilo la pezi sikulijua kabisa. Nimeenda kuangalia, na ndipo nilipokuwa nimeiweka kwenye safari fupi ya majaribio. Ilikuwa ni boksi tupu, namshukuru Mungu.

#17 Tunda_Kavu

Naomba kuchomekea swali. Mimi naendesha na gesi (nisameheni), lakini nikifika nakuta imezimika kila mara. Nikiegesha inawaka bila shida. Ni nini?

#18 FundiBaridi

Upepo. Lile tundu la hewa la chini, ubavuni mwa karavani, ndilo linalolisha moto. Ukienda kasi au lori likikupita, hewa inaingia kwa kishindo na kupuliza mwali. Friji ya zamani yenye themokapo (kihisi cha joto kinachoshikilia gesi iwe wazi), hicho kihisi kikipoa tu inafunga gesi na haiwashi tena mpaka uje mwenyewe. Zile za kiwashio cha umeme zinajaribu tena, utasikia tik tik tik.

Angalia kama kile kibati cha kukinga upepo kuzunguka kichomeo bado kipo, mafundi wengi wanakitoa na kusahau kukirudisha. Safisha pia kichomeo. Buibui wanapenda kujenga ndani ya kile kijibomba cha gesi, na utando mdogo tu unatosha kuufanya mwali uwe wa njano na dhaifu. Na usije ukaziba yale matundu kwa utepe wa gundi! Nimewahi kukuta mtu amefanya hivyo. Moto unakosa hewa, unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, na joto linabaki nyuma ya friji halina pa kwenda.

Ukisikia harufu kali ya amonia na kuona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, hapo zima moja kwa moja. Ule unga ndiyo dawa ya kutu inatoka. Huyo kafa.

#19 Bara_Bara_Tu

Nimesoma yote, sijaona mtu ametaja kituo cha mafuta. Nusu_Tenki, sheli unafanyaje?

#20 Nusu_Tenki

Nikikumbuka nazima.

#21 Bara_Bara_Tu

"Nikikumbuka."

#22 FundiBaridi

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Kichomeo cha friji kiko chini, ubavuni, mara nyingi upande uleule wa pampu. Huhitaji uvujaji wowote wa gesi yako, unaleta moto wa wazi kwenye mvuke wa watu wengine. Kwa hili sioni pande mbili.

Na kuzima maana yake ni kuzima mapema, kabla hujaingia, siyo ukiwa pembeni ya pampu. Halafu kuna mtego ambao hata wanaofunga mtungi wanaangukia. Kama friji ina kiwashio cha umeme na umeiacha kwenye gesi, ukifunga koki, friji yenyewe haijui. Inaendelea kupiga cheche ikitafuta moto. Funga koki, na swichi ya friji iwe kwenye sifuri.

Zile zinazojichagulia chanzo ziangalieni zaidi. Ukizima injini, volti 12 inakatika, nayo inasema "basi niende kwenye gesi". Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo baadhi zimewekewa kusubiri dakika 15 kwanza, ili ujaze mafuta na kuondoka. Ukiingia kulipa ukakuta foleni, hizo dakika zinaisha.

#23 Kivumbi_Nyuma

Tusisahau mahandaki. Treni ya magari ya kupita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa inataka gesi zote za karavani ziwe zimefungwa. Meli nyingi za kuvusha magari pia. Na Marekani kuna mahandaki yanayokataa kabisa mitungi mikubwa, hata ikiwa imefungwa. Baltimore ndiyo mfano wa watu wa karavani. Mahandaki yake mawili yanayopita chini ya bandari hayapokei mtungi wa zaidi ya pauni 10, na huo wa kawaida wa karavani ni wa pauni 20 au zaidi. Zamani walipita juu ya daraja la Francis Scott Key. Meli ilipoligonga na kuliangusha tarehe 26 Machi 2024, wenye karavani wakabaki na njia ya kuuzunguka mji mzima upande wa pili. Kabla ya safari tazama njia yako ina handaki au haina. Polisi wa handaki hataki kusikia habari za nyama yako.

#24 Kompresa_Tu

Uzeni hayo mabomba, wekeni friji ya kompresa ya volti 12, mada iishe. Haihitaji pima maji, inapooza kwa saa moja na nusu, inakula kama ampea-saa 30 hadi 50 kwa siku kwa sababu inapumzika. Ile hita yenu ya wati 150 ikikaa saa 24 ni ampea-saa 300.

#25 FundiBaridi

Kweli tupu, na ni kinyume cha maslahi yangu kukubali. Ila anayekaa porini wiki mbili bila umeme, kivulini ambako sola haipati jua, ile ya gesi itamkalia wiki zote mbili kwa mtungi mmoja au na kidogo cha wa pili, kimya kabisa. Kila mtu na safari yake.

#26 Kokoto_Mpya (mleta mada)

Wakuu nimerudi. Tulienda na kurudi salama, mama anawasalimia.

Kabla ya kuondoka sikupata muda wa kubadilisha waya, kwa hiyo kwenda nilitumia njia ya Dada_Usukani: saa 24 kwenye umeme, chupa sita za barafu, kila kitu kimezimwa, koki imefungwa. Nilinunua vipimajoto viwili vinavyosomeka kwa simu. Tuliondoka friji ikiwa nyuzi 3. Baada ya saa mbili 3 bado. Saa ya nne 5. Tukasimama kupumzika sehemu tambarare, mbali na sheli, nikaweka pima maji, nikafungua gesi kwa saa moja na robo nikidhani nitairudisha kwenye 3. Haikushuka, ila haikupanda. Nadhani ndipo nilipoelewa Fundi alivyosema mtambo unaanza kwa kuchemsha. Unapoanza kupooza kwa dhati, wewe unaondoka. Tulifika ikiwa 8. Nyama ilikuwa ngumu katikati, maziwa tuliyamaliza usiku ule ule, hatukuyalaza. Mfuko wa insulini ulikuwa kati ya 4 na 6 safari nzima, mama ndiye aliyekuwa msimamizi, kila baada ya nusu saa ananisomea namba kama mtangazaji wa mpira.

Tulipofika nikatafuta waya wa milimita 6, nikaupitisha kutoka kwenye betri mpaka nyuma ya friji pamoja na wa ardhi wake, fyuzi mpya, relei. Siku nzima chini ya karavani na mgongo mpaka leo unanikumbusha. Nyuma ya friji sasa ninapata 12.9 hita ikiwa imewaka. Kurudi: tuliondoka 3, tukafika saa tisa baadaye ikiwa 4. Gesi haikufunguliwa hata dakika moja.

#27 Waya_Mwekundu

12.9! Nimefurahi kama ni ya kwangu.

#28 Dada_Usukani

Shikamoo kwa mama. Hongera kwa kutoyalaza yale maziwa.

#29 Nusu_Tenki

Nimekuwa kimya kwa sababu jana niliingia chini ya karavani yangu na tochi, mara ya kwanza tangu niinunue. Bomba la gesi linapita juu ya tairi la kushoto. Kati ya bomba na tairi kunaingia ngumi yangu, na kwenye kibano kimoja hakuna skrubu, lilikuwa linaning'inia na kusugua chesisi mpaka shaba imeng'aa.

Kivumbi_Nyuma, lile bomba lako la kwenye boksi, unaweza kutuwekea picha?

#30 Kivumbi_Nyuma

Nikitoka kazini naweka.

#31 FundiBaridi

Nusu_Tenki, usilikunje kwa mkono kulisogeza, pale palipong'aa shaba imeshakuwa nyembamba. Funga mtungi, toa rigyuleta kabisa, na hicho kipande kibadilishwe chote. Usilipige kiraka. Na likirudishwa lipite upande wa ndani wa chesisi. Nipigie picha ya chini yote kabla hujagusa kitu.